Siku 41 chini ya Nyangalata

Tarehe 5 Oktoba 2015, duara, yaani shimo la kuchimbia, lilititia katika machimbo ya dhahabu ya Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Baadhi ya wachimbaji wadogo waliokolewa mapema. Sita walibaki chini, kifusi kimeziba njia. Mmoja alifia humo humo. Watano waliobaki walikaa gizani wakila mende, wadudu wengine na vyura, wakinywa maji machafu yaliyopenya kutoka juu. Walitolewa hai tarehe 15 Novemba.

Habari ilipoenea duniani, watu walishangaa mende. Mende mtu atakula akibanwa na njaa. La ajabu zaidi ni jinsi mwili unavyoibeba hofu siku 41.

Matimba, magogo yanayoegemeza kuta za duara, yanapoanza kulia na udongo kumwagika, ubongo huziamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, mate hukauka, damu hulihama tumbo ikakimbilia misuli. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 1915, baada ya kuchunguza, pamoja na mengine, paka waliobwekewa na mbwa: mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Sasa chini ya duara utapigana na nani, na utakimbilia wapi?

Adrenalini ni silaha ya dakika. Baada yake tezi zile zile huendelea kutoa kotisoli, ambayo huvunja misuli ili damu ipate sukari. Mtu anajila mwenyewe polepole. Mwaka 1936, huko Montreal, Hans Selye aliripoti kwamba panya walioteswa kwa baridi, majeraha au sumu walipatwa na mambo yale yale: tezi za juu ya figo kuvimba, vidonda tumboni. Aliona hatua tatu: mshtuko, ustahimilivu, kisha kuishiwa nguvu kabisa.

Lakini Selye aliacha pengo, na ndilo linalonirudisha Nyangalata. Miaka ya 1970 Jay Weiss, mtafiti wa Marekani, aliwapiga panya shoti za umeme zilizo sawa. Waliosikia mlio kabla ya shoti walipata vidonda vichache. Wasioonywa walipata vingi zaidi. Umeme ulikuwa ule ule. Kilichowaumiza zaidi hawa wa pili ni kutojua.

Januari 2017 mgodi mwingine ulititia, safari hii Nyarugusu, Geita. Watu 15, Watanzania 14 na Mchina mmoja, walinaswa. Hawa walifaulu kupeleka juu ujumbe wa maandishi, na waliokuwa juu wakajua kwamba wako hai. Kikaratasi tu. Hakikupunguza kifusi hata koleo moja, ila kuanzia hapo kila mlio wa uchimbaji juu ya vichwa vyao ulikuwa na maana. Baada ya siku takriban tatu wote 15 walitoka hai.

Wale wa Nyangalata hawakuwa na kikaratasi. Hawakuwa na mlio wa kuwaonya wala wa kuwatuliza. Walikuwa na sauti zao wenyewe, watu watano kwenye giza. Walipotolewa walipelekwa hospitali, wamekonda mno. Siku chache baadaye mmoja wao akafariki, wakabaki wanne.