Picha Imeshatoa Jibu: Kikapu cha Mlandege na Kazi ya Mtunzi

Kuna mazoea miongoni mwetu sisi wanafunzi wa fasihi ya kudhani kwamba mtunzi akitaka kuandika jambo la historia, basi sharti aanze na mtu mkubwa au vita vikubwa. Vitu vidogo tunawaachia watoto wa shule ya msingi, wale wanaoambiwa waandike insha juu ya “Mimi ni Jembe” au “Mimi ni Kalamu”. Makala haya yanakusudia kupinga mazoea hayo. Nitajaribu kuonyesha kwamba picha ya kitu cha kawaida cha nyumbani inaweza kuwa chemchemi ya utunzi wa kihistoria, na kwamba njia hiyo si ya kuazima kutoka Ulaya. Vilevile nitaieleza hatari yake, maana ipo, na si ndogo.

Hebu tuanze na Iringa yenyewe. Anayetaka kuandika juu ya mkoa huo atakuta njia imeshachongwa. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikiteketeza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akafia hapo. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Fuvu la kichwa chake likapelekwa Ujerumani, na mataifa makubwa yakalitaja katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919. Hata hivyo lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 tu, mkononi mwa Gavana Edward Twining, naye akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa. Fasihi nayo haikulala: mwaka 1979 M. M. Mulokozi alitoa tamthilia yake ya *Mukwava wa Uhehe*.

Sina ugomvi na historia hiyo. Ni yetu, na itaandikwa tena na tena. Ila swali langu ni hili: hao mashujaa walikula nini? Nafaka ilifika ngomeni imebebwa katika chombo gani, na nani alikisuka? Hapo vitabu vingi vinanyamaza. Hata vile vitu vilivyochukuliwa na Wajerumani na kuwekwa katika majumba yao ya makumbusho, mara nyingi huandikwa jina la ofisa aliyevikusanya, wala si la aliyevitengeneza. Kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, huko Isimila, yamefukuliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale sana. Hayo nayo yalikuwa vitu vya kila siku. Aliyechonga hana jina, lakini alama ya pigo la mkono wake ipo kwenye jiwe, unaigusa. Kwa hiyo mwenye jina ana nafasi yake Versailles, na asiye na jina ana kitu chake tu. Mtunzi anayetaka kumfikia huyu wa pili hana budi kupitia kwenye kitu.

Sasa kuhusu picha. Itakumbukwa kwamba sanaa ya kupiga picha ilitangazwa duniani mwaka 1839, na tangu mwanzo vitu vya kawaida vilikuwa ndani yake. Sababu moja ilikuwa ya kiufundi: kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu wa mwanga, na binadamu hutikisika, wakati chungu hutulia. Lakini ilikuwapo pia sababu ya kisanaa. Mwingereza William Henry Fox Talbot, katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1844, aliweka picha ya mlango ulio wazi na fagio limeegemezwa hapo. Fagio tu, jamani! Alijitetea kwa kuwataja wachoraji wa Kiholanzi, ambao walikuwa wamekwisha kuyapa maisha ya kila siku nafasi katika sanaa. Katika ushairi nako, Mfaransa Francis Ponge alitoa mwaka 1942 kitabu kizima cha kuvitetea vitu, na Pablo Neruda wa Chile akatoa mwaka 1954 diwani ya kuvisifu vitu vya kawaida, vya jikoni vikiwemo.

Nayataja haya si kwa nia ya kusema kwamba wenzetu walitutangulia. La hasha. Sisi tuna kitendawili. Mtoto wa miaka sita anaambiwa, “Nyumba yangu haina mlango,” naye anajibu, “Yai.” Katika maneno hayo manne tayari kuna sitiari, kuna mtazamo mpya, na kuna kitu cha kawaida kilichofanywa kigeni ili kionekane upya. Methali zetu nazo zimejaa vyombo: haba na haba hujaza kibaba, debe tupu haliachi kuvuma. Ukija kwenye ushairi wa pwani, utenzi wa *Al-Inkishafi* wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, unaomboleza kuanguka kwa Pate kwa kutuonyesha taa zilizozimika na vidaka vya ukutani vilivyokuwa vya vyombo vya kauri. Na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu alitunga *Sambo ya Kiwandeo*, kilichotoka 1979, juu ya jahazi, na *Umbuji wa Mnazi*, kilichotoka 1985, juu ya mnazi na kila kinachopatikana kwake. Ni nani basi atakayetuambia kwamba vitu si maudhui?

Tofauti ya kitendawili na picha ni moja, na kwangu mimi ndiyo kiini cha jambo lote. Kitendawili kinakuficha kitu, nawe unatafuta jibu. Picha inafanya kinyume: imeshakupa jibu, lipo wazi mbele ya macho yako. Kazi ya mtunzi ni kutafuta kitendawili chake. Yaani anatakiwa aulize, je, hiki ninachokiona ni jibu la swali gani?

Nichukue mfano mmoja ulio karibu nami. Shangazi yangu anaishi Mlandege, Iringa mjini. Siku moja alipiga picha kwa simu yake, akamtumia mdogo wake aliyeko Mbeya, kisha ikanifikia na mimi. Hakuipiga kwa ajili ya sanaa. Kulikuwa na maneno ya chinichini katika ukoo kuhusu vitu vya marehemu bibi, naye alitaka tu kuonyesha kwamba kikapu kipo, hakijaenda popote. Picha yenyewe ni hivi: ukuta wa jikoni wenye masizi, msumari, na kikapu kikubwa cha milulu, vile vikapu vinavyosukwa na akina mama wa Iringa. Kitako chake kimekuwa cheusi. Mdomo wake umeshonwa upya pande zote kwa uzi mweupe ambao si wa milulu. Basi, hakuna kingine.

Picha hiyo niliwaonyesha wenzangu wa darasani, tukakubaliana kila mmoja aandike kurasa mbili. Hapa ndipo ile hatari niliyoitaja ilipojitokeza. Karibu insha zote zilizosomwa zilikuwa za huruma. Bibi kizee maskini, hana fedha ya kununua kikapu kipya, anashona kwa mkono unaotetemeka huku machozi yanamdondoka. Moja ilimuua kabisa kabla ya ukurasa wa pili! Fani ilikuwa nzuri, lugha tamu, tashibiha za kutosha. Lakini huyo bibi hakutoka kwenye picha. Alitoka kwenye insha nyingine mia tulizokwisha kuzisoma. Kitu cha kawaida kinavutia machozi ya rahisi, kwa sababu hakina mdomo wa kubisha.

Mimi nilimpigia simu shangazi.

“Shikamoo shangazi. Ule uzi mweupe kwenye kikapu ni wa nini?”

“Marahaba. Ule? Uzi wa salfeti ule, mfuko wa mbolea. Bibi yako aliufumua akashonea, mdomo ulipoanza kufumuka.”

“Mbona hakununua kingine? Vimejaa sokoni.”

“Kingine cha nini sasa? Kile ndicho kilikuwa kipimo.”

Akanieleza. Majirani walikuwa wakikopeshana mahindi wakati wa njaa ya kabla ya mavuno, na kipimo kilikuwa kikapu kile kile. Umechukua kimoja, utarudisha kimoja. Mdomo ukifumuka, kikapu kinakuwa kifupi, na ukimrudishia mwenzio kwa kikapu kifupi umemwibia. Ukinunua kipya ndiyo kabisa, nani ajuaye kama vinalingana? “Basi akawa anashonea hapo hapo, usishuke hata kidole,” alisema shangazi. “Bibi yako alikuwa hataki maneno na watu.”

Tazama basi jinsi kitendawili kilivyogeuka. Ule uzi ambao insha zote ziliusoma kama umaskini, kumbe ulikuwa uadilifu. Bibi hakuwa analia, alikuwa analinda mizani. Na pale pale historia kubwa ikaingia ndani ya kikapu bila kulazimishwa. Kwanza, mfuko wa mbolea wenyewe ni ushahidi kwamba kilimo cha mahindi cha Nyanda za Juu kilishabadilika: nyasi za bondeni zimeungwa kwa uzi wa kiwandani. Pili, suala la kipimo ni suala la nani anamnyonya nani. Kila mkulima wa Iringa, Njombe na Mbeya anaijua lumbesa, ule ujazo wa gunia unaopandishwa kilemba juu ya mdomo, ambapo mkulima anauza gunia moja na kitu lakini analipwa la moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, nayo bado inalalamikiwa. Ukiviweka pamoja, gunia linalopandishwa mdomo ili mnunuzi afaidi, na kikapu kinachoshonwa mdomo ili jirani asipunjike, una mgogoro wa tamthilia nzima. Wala hujamtaja shujaa hata mmoja.

Mwenzangu mmoja alinipinga, na hoja yake ni nzito: “Hapo si picha tena iliyokupa hadithi. Ni shangazi yako.” Ni kweli kwamba picha peke yake haikusema neno kipimo. Lakini bila picha nisingeuliza. Jikoni kwa shangazi nimekaa mara nyingi, na kikapu kile kilikuwa juu ya kichwa changu kama ukuta na moshi. Picha ilikitenga, ikakikatia mipaka minne, ikaniacha mimi na uzi mweupe. Mchango wa picha kwa mtunzi ni huo: haielezi, bali inazuia macho yasipite. Maelezo yatafutwe kwa watu wakingali hai.

Na pale ambapo watu hawapo tena? Kikapu kilichopigwa picha zama za Wajerumani, utampigia nani simu? Hapo mtunzi atabuni, na ana haki ya kubuni. Ila abuni kwa uaminifu. Ebrahim Hussein alituonyesha njia katika *Kinjeketile* ya mwaka 1969, alipomtahadharisha msomaji katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, siye yule wa historia hasa. Kwa maoni yangu anayeandika juu ya picha afuate mfano huo. Ajue mpaka kati ya kinachoonekana, kinachosimuliwa, na anachokitia yeye. Akiuchanganya mpaka huo atakuwa kama ofisa wa makumbusho aliyeandika jina lake kwenye kikapu asichokisuka.

Jambo hili lina uharaka wake. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, watu wamevikumbuka vikapu kwenda navyo sokoni. Vile vya milulu vinauzwa pia kwa watalii kama mapambo. Si vibaya, akina mama wanapata fedha. Lakini kikapu cha pambo hakihitaji kulingana na cha jirani. Maana ya kipimo itatoweka kabla ya kikapu chenyewe, na siku hiyo picha itabaki na jibu ambalo hakuna anayelijua swali lake.

Kwa hiyo ninachowaomba watunzi wenzangu ni kidogo. Simu zetu zimejaa picha za vinu, majiko ya mkaa, koroboi na vigoda, zilizopigwa na mama na shangazi zetu kwa sababu zao wenyewe. Tuchague moja. Tutafute mahali palipotengenezwa upya, kwa sababu hapo ndipo mtu alipofanya uamuzi. Tumuulize aliye hai kwa nini palitengenezwa, na tuandike baada ya kusikia. Machozi yasubiri kwanza. Huenda yule tunayetaka kumlilia hakuwa maskini wa chochote, ila alikuwa akipima, na alitaka kipimo kibaki sawa.