Ulinzi dhidi ya opsheni

Ulinzi dhidi ya opsheni ni jinsi timu ya futiboli ya Marekani inavyozuia mchezo wa kukimbia ambamo kwotabeki huamua papo hapo ampe mkimbiaji mpira au aondoke nao mwenyewe. Mlinzi mmoja, aghalabu wa pembeni, huachwa makusudi bila kuzuiwa. Akimfuata mkimbiaji, kwotabeki hubaki na mpira. Akimngoja kwotabeki, mkimbiaji hupewa.

Kwa hiyo nidhamu huzidi nguvu: kila mlinzi ana mtu au upenyo wake, na akiuacha hata mara moja, yadi nyingi hupotea. Mbinu bora ya kumhadaa kwotabeki ni kubadilishana majukumu. Mlinzi wa pembeni humvamia mkimbiaji, kwotabeki huona njia nyeupe na kubaki na mpira, kumbe mlinzi wa mstari wa pili amekwisha kuzunguka kumpokea.

Tarehe 6 Januari 2019, Los Angeles Chargers waliwafunga Baltimore Ravens wa Lamar Jackson, kwotabeki wa opsheni, 23–17 kwa kutumia walinzi saba wa nyuma, wepesi wa kukimbizana, badala ya wale wazito. Haikuwa tiba ya kudumu: msimu uliofuata Ravens walikimbia yadi 3,296, rekodi ya ligi ya NFL. Kilichowatoa kwenye mchujo Januari 2020 kilikuwa pia ubao wa pointi. Tennessee Titans walitangulia 14–0, Ravens wakalazimika kurusha mpira mara kwa mara, na wakapoteza 28–12.