Gazeti ni la nani? Historia ya magazeti na siasa, kutoka Stanleyville hadi mpaka wa Goli

MAHAGI – Hapa kwetu magazeti ya Kinshasa yanafika kwa shida, na yakifika habari zake zimekwisha kuzeeka. Wakaaji wengi wanasikiliza redio. Siku hizi wanapokea pia picha ya ukurasa wa gazeti kwa WhatsApp, bila kujua imetoka wapi. Wazee sokoni huniuliza mara kwa mara: «Mwandishi, gazeti hili ni la upande gani?» Ni swali zuri. Historia ya magazeti ya inchi yetu inaonyesha kwamba anayeliuliza hakosei.

Tuanze na wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1928 gazeti L'Essor du Congo lilianzishwa Élisabethville, leo Lubumbashi. Lilisema sauti ya wazungu walowezi wa Katanga. Mwaka 1930 Le Courrier d'Afrique lilianza Léopoldville, likiwa karibu na misioni za Katoliki. Wakongo waliosoma walipata La Voix du Congolais mwaka 1945. Mkubwa wake, Antoine-Roger Bolamba, alikuwa Mkongo, na karani wa posta wa Stanleyville aitwaye Patrice Lumumba aliandika humo. Lakini lilikuwa chini ya ofisi ya habari ya serkali ya kikoloni, na kila aliyeandika alijua mpaka wake.

Mambo yaligeuka Julai 1956. Gazeti dogo, Conscience africaine, la kina Joseph Iléo, lilitoa tangazo la kutaka Kongo ipate uhuru polepole, ndani ya miaka 30. Mwezi uliofuata Abako ilijibu kwamba miaka 30 ni mingi mno. Kutoka hapo magazeti yakawa mikono ya vyama. Chama cha Lumumba, MNC, kilikuwa na Indépendance kule Léopoldville na Uhuru kule Stanleyville. Tukumbuke kwamba Mahagi ilikuwa katika jimbo la Orientale, na Stanleyville ndiyo ilikuwa makao yetu makuu. Uhuru lilikuwa gazeti la jimbo letu, na jina lake halikuhitaji mkalimani. Halikuficha upande wake: aliyelichukua mkononi alijua ni la Lumumba.

Halafu akaja Mobutu, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari katika gazeti L'Avenir kabla ya kuingia siasa. Alijua nguvu ya karatasi. Chama chake MPR kilizaliwa mwaka 1967, na mwaka 1972, wakati wa «authenticité», magazeti yalibadilishwa majina kama watu. Le Courrier d'Afrique likawa Elima. Le Progrès likawa Salongo. L'Essor, ambalo wakati wa Tshombe lilikuwa L'Essor du Katanga, likawa Mjumbe. Kisangani kulikuwa na Boyoma, Bukavu kulikuwa na Jua. Majina yalikuwa mazuri, ya kwetu, lakini upande ulibaki mmoja tu. Mjumbe huyo alikuwa ametumwa na mtu mmoja.

Jirani zetu ng'ambo ya Goli hawakuwa na bahati zaidi. Gazeti la Kampala, Uganda Argus, lililoanza mwaka 1955, Amin alilibadilisha jina mwaka uleule wa 1972, likawa Voice of Uganda. Alipofukuzwa mwaka 1979 likaitwa Uganda Times. Museveni alipoingia mwaka 1986, serkali yake ikaanzisha New Vision mahali pake. Ilifika mwaka 1992 ndipo waandishi waliotaka kusimama peke yao wakaanzisha The Monitor.

Kwetu mlango ulifunguka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Le Potentiel na Le Phare yalipaza sauti ya wapinzani. Le Soft lilikuwa la Kin-Kiey Mulumba, ambaye mwaka 1997 alikuwa waziri wa habari wa mwisho wa Mobutu. Sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ikaandika uhuru wa magazeti. Lakini mishahara haikufuata, na «coupage» ikaenea: anayeandikwa ndiye anamlipa anayeandika. Upande wa gazeti ulianza kubadilika kufuatana na bahasha, na msomaji hakuweza tena kuuona.

Sisi wa Ituri tumeona pia ubaya mwingine. Wakati wa vita, waliouchukua mji wa Bunia walichukua na redio Candip. Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza habari isiyotoka kwa mwenye bunduki.

Leo tuko chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, na ordonansi yake inawapa wakubwa wa jeshi uwezo wa kukataza machapisho yanayoweza kuleta fujo. Lakini audio ya WhatsApp haina ofisi, haina mkubwa, haina jina. Audio moja ya uongo juu ya kabila fulani inaweza kulaza kijiji kizima porini, au kumpeleka kijana kumpiga jirani yake.

Gazeti kuwa na upande si kosa. Uhuru lilikuwa na upande, na lilisema hivyo mbele ya watu wote. Hatari ni upande uliofichwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutuma habari kwa wengine uliza mambo matatu: nani ameandika, nani amelipa, na nani atafaidika nikiamini? Ukikosa jibu, usiitume.

Na mimi niulizeni hivyohivyo. Tunaonana kila siku sokoni.