Migongo Iliyobeba Chai

Wewe msomaji uliyepata kupita Kericho kwenda Bomet umeyaona mashamba ya chai yaliyotandaa vilimani kama mkeka, na watu wamezama humo hadi kiunoni, kila mmoja na kikapu chake mgongoni. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipopanda chai huko. Habari za chai zimeandikwa sana; za migongo iliyoibeba, haba.

Pingili za uti wa mgongo zimepangwa moja juu ya moja, na ndani yake wapita mfereji wenye mishipa ya fahamu. Mfereji ukiwa mwembamba mno, mishipa hubanwa. Wako waliozaliwa na wembamba huo. Habari zao zilielezwa katika mwaka wa 1954 na tabibu Mholanzi, Henk Verbiest. Walio wengi huupata ukubwani, mifupa inapoota vinundu na kano zinapokuwa nene. Ukibanwa shingoni, mikono hupoteza wepesi na mwendo huyumba. Ukibanwa kiunoni, miguu huuma na kufa ganzi mtu anapotembea; akiketi au akiinama, hupata nafuu.

Hapo tafadhali tua kidogo. Mchuma chai mwenye maradhi hayo ya kiuno aweza kuinama juu ya michai asilalamike sana, kisha akasimama wima kupeleka majani kwenye mizani, na miguu ikamkatalia njiani. Aliyemwona akichuma vema asubuhi atamwita mvivu.

Katika mwaka wa 2022 mahakama ya Edinburgh, Uskoti, iliwaruhusu wachumaji wa Kericho waishitaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya), iliyosajiliwa huko Uskoti, wakidai kwamba kazi imewaumiza migongo. Maumivu ya mgongo ni ya aina nyingi, wala sisemi kwamba wote wana mfereji mwembamba. Lakini ugumu ni uleule: mgongo haukuvunjika siku moja, na uzee nao huubana. Nani atapambanua kazi ya miaka na kazi ya kikapu?

Majaji hawakulifikia swali hilo. Katika mwaka wa 2023 mahakama ya rufani ilisimamisha shauri, ikataka madai yapelekwe kwanza Kenya, chini ya sheria ya mwaka wa 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Hivyo swali likarudi Kericho, kwa daktari na mgonjwa wake.