Irabu Saba kwa Herufi Tano: Uandishi wa Kinyakyusa na Hati za Kale

Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Tukuyu na milima ya Rungwe, kina irabu saba. Mbali na a, e, i, o na u, zipo mbili zaidi: moja hutamkwa kati ya i na e, nyingine kati ya u na o. Kila irabu huweza kuwa fupi au ndefu. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wenzao wa Berlin, walipofika mwaka 1891 walikuja na alfabeti ya Kilatini, yenye herufi tano tu za irabu.

Upungufu wa namna hii una historia ndefu. Katika mwandiko wa kikabari wa Mesopotamia, karani alikandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi. Mkono haukupata shida kubwa. Shida ilikuwa kuchagua na kusoma. Alama moja ilisimamia neno la Kisumeri "an", mbingu. Ikasomwa pia "dingir", mungu. Na katika Kiakadi ikawa hata silabi "il". Muktadha ndio ulioamua. Hiroglifi za Misri, zilizofikia alama 700 hivi katika enzi ya Kimisri cha kati, zilimtaka mwandishi achore bundi, jicho au nyoka kwa ustadi, kazi ngumu kuliko kugandamiza tete. Ndiyo maana makarani walitumia hieratiki, mwandiko wa haraka wa wino juu ya mafunjo, kwa shughuli za kila siku. Hata hivyo, kwa upande wa sauti, hiroglifi ziliandika konsonanti tu, ilhali kikabari kiliweza kuonyesha irabu. Kila mfumo ulipunguza mzigo mahali fulani na kuuongeza mahali pengine.

Waswahili wa pwani walikabiliana na jambo hilihili walipoandika kwa herufi za Kiarabu: alama tatu za irabu fupi kwa irabu tano za Kiswahili. Rungwe hesabu ilikuwa tano kwa saba.

Neno la "mtu" laonyesha tatizo hilo vizuri. Kwa herufi za kawaida huandikwa "umundu", wingi wake "abandu". Irabu zote tatu za "umundu" ni ile ya kati ya u na o, lakini herufi zenyewe hazimwambii hivyo mgeni. Mnyakyusa hahitaji kuambiwa. Anayejifunza lugha ukubwani hukwama. Kwa upande wa b, bahati ilikuwa nzuri: baada ya m hutamkwa kwa kufunga midomo, na kwingineko, kwa kawaida, kwa kuilegeza, hivyo herufi moja inatosha.

Wataalamu walilijua suala hili mapema. Mmisionari Schumann alitoa sarufi ya lugha hii, iliyoitwa Konde na Wajerumani, mwaka 1899. Mwaka huohuo Carl Meinhof aliitumia lugha hiyo katika kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu, akaweka kofia juu ya i na u zinazobana zaidi. Uchambuzi wa sasa hufanya kinyume: hizo huachwa wazi, na zile zinazolegea hupewa mstari, ɨ na ʉ, hivyo "mtu" huwa "ʉmʉndʉ". Uandishi huu ni sahihi zaidi, na unastahili kufundishwa, ijapokuwa herufi hizo mbili hazimo kwenye kibodi za kawaida, na wengi huandika bado kwa herufi tano.