Vifurushi vya mchele na Reli ya Uhuru: Jamie Monson, mwanahistoria wa bonde la Kilombero

Mtu akikuomba umsimulie historia ya TAZARA, bila shaka utaanza na wakubwa. Utamtaja Mwalimu Nyerere, utamtaja Kaunda na Mao. Utaeleza jinsi Ian Smith alivyojitangazia uhuru wake kule Rhodesia mwaka 1965, na Zambia ikabaki na shaba isiyo na njia salama ya kufika baharini. Utamalizia na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ujenzi ulioanza 1970 na reli iliyokabidhiwa 1976. Yote ni kweli. Mwanafunzi akiyaandika hivyo kwenye mtihani anapata alama zake zote.

Sasa njoo uulize swali hilo hilo kwetu Ifakara, au Mbingu, au Mlimba. Utasikia habari nyingine kabisa. Gunia la mchele liliuzwa wapi, nani alianza biashara kwa mikungu mitano ya ndizi, nani alihamia kando ya reli na akajenga. Mwanahistoria aliyenifanya nione kwamba habari hizi nazo ni historia, tena historia ya kusomwa chuo kikuu, ni Profesa Jamie Monson. Ndugu wasomaji, leo nataka tumzungumzie huyu mama na kazi yake, maana kazi hiyo inatuhusu sasa kuliko ilipochapishwa.

Monson ni Mmarekani. Afrika aliijua kwanza kwa jembe: mwaka 1980 alikuwa Kenya vijijini, mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps upande wa kilimo. Baadaye akasoma historia katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mwaka 1991 akapata uzamivu kwa tasnifu kuhusu mabadiliko ya kilimo katika bonde la ndani la Kilombero kati ya 1840 na 1940. Akafundisha Carleton College, kisha Macalester College, vyote vya Minnesota, halafu akaenda kuongoza Kituo cha Taaluma za Afrika katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Kwa karatasi ni maisha ya kawaida ya profesa. Kilichonivutia mimi ni kwamba kila alipobadilisha mada, bonde letu halikumtoka.

Hakuwa wa kwanza kuliandika. Mwaka 1935 Bwana na Bibi Culwick walitoa kitabu kuhusu Wabena wa mitoni, *Ubena of the Rivers*. Culwick alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na kitabu kina macho ya kiofisa. Lakini ndani yake kuna sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena mwenyewe, akieleza historia ya watu wake. Mimi huwa nawaambia vijana wetu: kabla hamjasema historia ya Kilombero iliandikwa na wageni watupu, mkumbukeni Towegale. Kisha mwaka 1976 Lorne Larson akamaliza uzamivu wake pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa tasnifu ya historia ya wilaya ya Mahenge, au Ulanga, tangu mwaka 1860 hivi hadi 1957. Wanaochimba historia ya pande hizi hawawezi kumruka. Kwa hiyo Monson alipofika alikuta njia imeshakanyagwa kidogo.

Yeye aliingia kwa mlango wa mpunga na maji. Katika kitabu cha makala kinachoitwa *Custodians of the Land*, kilichohaririwa na Gregory Maddox, James Giblin na Isaria Kimambo mwaka 1996, ana sura kuhusu utengenezaji wa mitumbwi wakati wa Waingereza, miaka ya 1920 hadi 1940. Unaweza kusema, mtumbwi? Sura nzima? Ndiyo, na ni sura tamu. Anayejua Kilombero wakati wa masika anajua kwamba bonde likijaa, barabara inakuwa hadithi. Siku hizo mpunga ulitoka kwa mtumbwi, na mtumbwi unachongwa kwa mti mkubwa, gogo moja zima. Basi serikali ile ile ya kikoloni ilikuwa na mikono miwili. Mkono wa misitu ulitaka miti mikubwa ilindwe. Mkono wa chakula ulitaka mpunga wa Kilombero ufike sokoni. Mkulima akabaki katikati: alime mpunga, lakini aupeleke kwa nini? Katika gogo hilo moja Monson anakuonyesha ukoloni ulivyofanya kazi siku kwa siku, jinsi ulivyojipinga wenyewe, na jinsi gharama ilivyomwangukia mchonga mitumbwi.

Akaenda pia kwenye Maji Maji. Wengi tulifundishwa vita ile kama kitu kimoja: makabila yakaungana, yakanywa maji, yakamkabili Mjerumani. Katika makala yake ya mwaka 1998 kwenye *Journal of African History*, Monson anaitazama vita kutoka upande wa nyanda za juu kusini na mabonde yake, na anaanza mbali, miaka ya 1870. Anasema ukitaka kujua nani alisimama wapi mwaka 1905, tazama kwanza nani alikuwa na undugu na nani, nani alimtegemea nani, nani alikuwa na kisasi na nani. Sisi wa huku hilo halitushangazi. Wakati Wambunga wakipigana na Mjerumani, Kiwanga wa Wabena alikuwa upande wa Mjerumani. Ukilisoma kwa haraka utamwita msaliti ukafunga kitabu. Ukilisoma pamoja na ugomvi wa miaka mingi kati ya watawala wa pande hizi, unakuta mtu anayepiga hesabu za kulinda watu wake na kiti chake. Mwaka 2010 yeye na James Giblin wakahariri kitabu kizima cha utafiti mpya juu ya vita hiyo, *Maji Maji: Lifting the Fog of War*.

Lakini kazi iliyompa jina ni ya reli. Utafiti wake wa TAZARA aliuanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2009 Indiana University Press wakachapa *Africa's Freedom Railway*. Wakati ule wataalamu wengi waliandika reli ile kama mradi uliofeli. Tangu mwanzo nchi za Magharibi zilikataa kuijenga zikisema hailipi. China ikaijenga kwa mkopo usio na riba, na miaka michache baadaye injini zikaanza kusumbua, shehena ikapungua, madeni yakapanda. Ukiipima TAZARA kwa tani za shaba, kweli utaguna.

Monson akaipima kwa kitu kingine. Alikusanya stakabadhi za vifurushi kwenye stesheni ndogo za njia hii. Ni vile vikaratasi vinavyoonyesha mzigo gani ulipakiwa wapi na unakwenda wapi. Akaviweka pamoja, akavihesabu, kisha akakaa na wafanyabiashara, wakulima na wafanyakazi wa reli kusikiliza maisha yao. Kilichotokea kwenye vikaratasi hivyo ni uchumi mzima ambao mahesabu ya makao makuu hayakuuona. Mchele na ndizi za bondeni vinapanda kwenda juu. Mazao ya nyanda za baridi yanashuka. Watu wana shamba Kilombero na ndugu Makambako, na treni ndiyo inayofanya familia iwe moja. Ile treni fupi ya wenyeji waliyoiita Kipisi, ambayo mhasibu angeiona hasara, ilikuwa soko linalotembea. Mama anateremsha madebe yake dirishani, mnunuzi anapokea chini, treni inapiga honi, biashara imeisha.

Hapo ndipo kitabu kinaponigusa zaidi. Shirika lilipoamua kubana matumizi na kupunguza huduma kwenye vituo vidogo, wanavijiji walipinga. Monson ameandika juu ya jambo hili, na anaonyesha kwamba hoja yao haikuwa ya kuomba huruma. Walisema reli hii tuliambiwa ni ya watu. Vijana wetu waliijenga, tulihamishiwa kando yake wakati wa vijiji vya ujamaa, tukaambiwa tuilinde. Leo mnatuondolea kituo kwa sababu gani? Kwa maneno mengine, walitumia historia kama hati ya kiwanja. Ni nadra sana kumkuta mwanahistoria anayewaona watu wa kijijini wakifanya kazi ya kihistoria wao wenyewe, tena kwa ustadi.

Hakuwaacha pia waliomwaga jasho. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote: kilomita 158 hivi za kupanda ukingo wa milima, mahandaki 18, madaraja 46. Makumi ya maelfu ya Wachina walipita kwenye ujenzi huo pamoja na Watanzania na Wazambia wengi zaidi. Monson alijifunza Kichina ili aweze kufuata habari hizi upande wa pili pia, na utafiti wake wa baadaye umehusu ujuzi ulivyohama kutoka kwa fundi wa China kwenda kwa fundi wa kwetu. Angeweza kuishia kusema urafiki, urafiki. Yeye anauliza nani alimfundisha nani, kwa lugha gani, na ujuzi ule umeishia wapi.

Sasa kwa nini ninasema kazi hii inatuhusu leo? Septemba 2024, jijini Beijing, Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi Jinping walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Ni habari njema, nani atakataa? Lakini sikiliza mazungumzo yanavyokwenda: shaba, kobalti, ushindani na reli ya Lobito kule Angola, tani kwa mwaka. Yale yale ya 1965. Kituo cha Mbingu kinatajwa wapi? Mama mwenye ndizi zake yuko kwenye ukurasa wa ngapi? Kama reli itafufuliwa kwa ajili ya mabehewa ya shaba yanayopita Ifakara bila kusimama, basi itakuwa imefufuka bandarini na imekufa bondeni. Kitabu cha Monson ni ushahidi, wenye hesabu, kwamba mzigo mdogo nao ni mzigo. Natamani kila anayekaa kwenye meza ya mazungumzo hayo angekuwa amekisoma.

Nina lalamiko moja, na wala si la Monson peke yake. Wazee wa Kilombero walimsimulia kwa Kiswahili, lugha anayoijua vizuri. Maneno yakasafiri, yakarudi yakiwa Kiingereza, ndani ya kitabu ambacho bei yake ni magunia ya mpunga. Tasnifu ya Larson ni Kiingereza, ya Monson ni Kiingereza, makala za jarida zimefungwa nyuma ya malipo mtandaoni. Bibi aliyetoa stakabadhi zake kwenye sanduku hawezi kusoma alichosaidia kuandikwa. Wachapishaji wetu wanaotafsiri riwaya za nje, hebu tazameni na huku. Sura ile ya mitumbwi pekee, ikiwekwa kwa Kiswahili na kupelekwa shule za sekondari za Ifakara na Malinyi, ingefanya watoto waipende historia.

Na nyinyi wanafunzi wa historia mnaonisoma: kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipoanza kujengwa mwaka 1970 leo ana zaidi ya 70. Vikaratasi vya stesheni vinaliwa na mchwa, vingine vinafungiwa maandazi. Monson alionyesha kazi inavyofanywa: fika, jua lugha, kaa chini, uliza bei ya mchele, omba kuona stakabadhi. Hakuna kitu hapo kinachohitaji pasipoti. Treni ya kwenda Mlimba ikiwepo, pandeni na daftari.