Kipepeo Dardanus: Madume sura moja, majike sura nyingi

Papilio dardanus ni kipepeo mkubwa wa misitu ya Afrika, kusini mwa Sahara. Dume ana mabawa ya manjano hafifu yenye mabaka meusi, na vijimkia nyuma.

Majike wengi barani hawana mikia. Huiga rangi za vipepeo wachungu kama Danaus chrysippus, ambao ndege wamejifunza kuwaepuka. Sura zao hutofautiana mno hivi kwamba wataalamu waliwahesabu kuwa spishi mbalimbali, hadi Roland Trimen alipobainisha, miaka ya 1860, kuwa ni spishi moja.

Miongoni mwa nususpishi zipatikanazo Kenya ni dardanus upande wa magharibi, polytrophus katika nyanda za juu mashariki mwa Bonde la Ufa, na tibullus Pwani. Nchini Madagascar huishi meriones, ambaye jike wake hafichi asili: ana mikia na manjano kama dume.

Polytrophus ndiye anayefunza mengi. Katika nyanda hizo vipepeo wachungu ni haba, na majike wenye uigaji usio kamili ni wengi. Hila hii hustawi pale tu ndege wanapokutana mara kwa mara na yule mchungu halisi.

Viwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya mchungwa, mingi ikiwa ya msituni. Msitu ukifyekwa, kiwavi hukosa chakula, na kipepeo hukosa makao.